Kinyago Chenye Nembo Yangu

Sijawahi kuvaa nguo nzuri kwenda kugombana na mtu, lakini Jumamosi ile nilivaa. Nilijifunga kanga mpya, nikajipaka mafuta ya ufuta mpaka mikono ikang'aa, nikajitwisha mkeka wangu wa harusi juu ya vikapu vya kuuza, nikatoka Ruponda kabla hakujapambazuka kwenda gulio la Nachingwea kumtafuta Kasmiri. Mama alinisindikiza mpaka mwisho wa shamba letu la mtama.

"Huo mkeka uuze," aliniambia. "Bei yoyote. Sitaki kuuona tena ndani ya nyumba yangu."

"Na Kasmiri nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu. Uza, urudi."

"Nitamwambia, mama."

"Najua utamwambia. Ndiyo maana nimekuomba." Akageuka, akarudi zake nyumbani bila kuniaga.

Sikumlaumu. Mkeka ule tuliusuka pamoja miezi minne, mimi na yeye, kwa milala tuliyoichovya rangi wenyewe, nyekundu na nyeusi. Kwetu mkeka wa ndani, mwanamke humpa mwanamume mmoja tu, siku ya ndoa yake, na hautandikwi mbele ya mtu mwingine. Wangu ulisukwa kwa ajili ya Adinani, fundi cherehani wa Ruangwa, aliyechaguliwa na mjomba wangu Lukumani. Kwetu msichana huozwa na mjomba, si baba, na mjomba wangu akishachagua amechagua. Mimi sikuulizwa. Nilipewa milala, nikaambiwa nisuke.

Halafu Alhamisi Adinani akatuma mtu. Hanitaki tena. Alisikia kwamba gulioni Nachingwea, Jumamosi iliyopita, siku niliyobaki nyumbani kumalizia mkeka, kijana mmoja wa misheni alikuwa anauza kinyago cha mwanamke, na mwanamke huyo ni mimi. Uso ni wangu. Mkao ni wangu, nimekaa nasuka, ukili nimeubana kwa kidole gumba cha mguu kama ninavyoubana siku zote. Hayo yangevumilika. Lakini kinyago kiko wazi mgongo, na kiunoni, mahali ambapo kanga haiteremki mbele ya mwanamume, kimechorwa nembo, zile chale za unyago. Wanawake tuliocheza nao unyago kule Nkowe walikuwa wamekwenda kukitazama mmoja mmoja, wakarudi wameshika midomo. Walisema nembo ile ni yangu, mstari kwa mstari.

Mtu ataonaje nembo ya kiunoni bila kuvuliwa kanga? Swali hilo liliulizwa Ruponda nzima kwa siku mbili, na kila aliyeuliza alikuwa na jibu lake tayari.

Jibu langu mimi lilikuwa moja. Kasmiri hakuwahi kunigusa hata kidole. Na hilo ndilo lililoniuma kupita yote, kwa sababu nilitamani mara nyingi anishike mkono, na hakunishika, na sasa nimeadhibiwa kwa jambo ambalo hata utamu wake sikuuonja.

Kasmiri alikuwa mahali pake pa kila wiki, upande wa barabara wanakopita mabwana wa karanga, Wazungu wa yale mashamba makubwa, na magari yao. Mwaka mzima tuliuza pale bega kwa bega, yeye vinyago vyake vya mpingo, mimi mikeka na vikapu. Nikichelewa, nilikuta ameshanifagilia sehemu yangu. Mzungu akitaka kunipunja, Kasmiri alikuwa anamwambia, "Huo mkeka kazi ya mwezi, bwana, weka uende." Na mimi kila Jumamosi nilimletea fungu la majani ya msasa kutoka porini kwetu, ya kulainishia mpingo. Kila kinyago chake kilichoteleza mkononi mwa mnunuzi, nilijua nimo ndani yake. Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yetu. Ufagio na majani.

Leo pia alikuwa ameshafagia. Aliponiona akasimama, na jinsi alivyonitazama nikajua naye hakulala. Macho yale nilikuwa nimeapa njiani kwamba sitayatazama. Nikayatazama.

"Mwanawetu."

"Usiniite jina. Kiko wapi?"

Hakuuliza nini. Akainama, akafunua gunia.

Nilikuwa nimejiandaa kukichukia. Sikuweza. Nilikuwa mimi pale, mdogo, mweusi, nimeinamisha kichwa, na mdomo umebanwa kidogo upande kama ninapohesabu milala. Sikujua kwamba huwa nabana mdomo. Alijua yeye. Sijawahi kutazamwa vile na mtu yeyote maishani mwangu, na ilinibidi nikumbuke nilichokuja kufanya.

"Mgongo wangu umeuonea wapi?"

"Sijauona."

"Kasmiri!"

"Naapa kwa Mungu, Mwana. Uso ni wako, hilo silikatai. Mikono yako, mguu wako, vyote nimeviona hapa hapa ukisuka. Lakini mgongo sikuujua. Ningeuacha mtupu? Mgongo wa mwanamke wa kwetu hauwi mtupu. Sikutaka kubuni, nikaweka nembo ya bibi yangu."

"Bibi yako yupi?"

"Bibi Magreti, aliyenilea Nkowe. Aliumwa miezi mitatu kabla hajafa, hakuna aliyekuwapo ila mimi. Nilikuwa namwosha mgongo kila siku. Nembo ile naichora hata nikifumba macho."

Nilimwamini hapo hapo. Sura ya mtu anayesema uongo naijua, nimeuza gulioni miaka mitatu. Lakini kumwamini hakukunisaidia kitu.

"Na nani atakuamini wewe?" nikamwambia. "Bibi yako amekufa. Nembo inafanana na yangu. Watu wameshahukumu. Adinani amenikataa."

Nikaona kitu kimepita usoni mwake, haraka, akakificha. Furaha. Alijua furaha haikuwa na nafasi pale, akaona haya.

"Amekukataa kabisa?"

"Kabisa. Mkeka huu nimetumwa niuuze."

Akauangalia mkeka kichwani kwangu, halafu akachukua tezo yake ya kuchongea.

"Basi nitakivunja," alisema. "Mbele ya watu wote. Niseme nilikosa, nilibuni, wewe huhusiki. Jina lako lisafike."

Alikuwa ameshakiweka kinyago juu ya gogo. Miezi mingapi ya kazi, na mkono wake haukusita. Nikaudaka.

Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumshika. Mkono wake ulikuwa mgumu, wa moto, na wote wawili tulisahau kwa kitambo kwamba tuko sokoni.

"Ukikivunja umekiri," nikamwambia taratibu. "Mtu havunji kitu kisicho na kosa."

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Kiweke juu. Hapo mbele, kila mtu akione. Nami nakaa kando yake nauza vikapu vyangu. Mwenye neno aje aniambie machoni."

"Wewe mwanamke una wazimu."

"Kinyago umekichonga mwenyewe, halafu kinakutisha?"

Akacheka. Hakutaka kucheka, lakini alicheka, na mimi nikajuta kwa nini mwaka mzima tulizungumza bei tu.

Basi nikakaa. Nilitandaza vikapu vyangu, mkeka wa harusi nikauweka umekunjwa pembeni, na kinyago kikawa katikati yetu juu ya gogo, mgongo kimewapa watu. Wanawake walipita, wakarudi, wakapita tena. Mmoja alijifanya anauliza bei ya kikapu, macho yakiwa kwenye kiuno cha mpingo.

"Unatazama kikapu au unanitazama mimi?" nikamuuliza.

"Aa, nilikuwa..."

"Mimi ni huyu hapa, mzima, nina masikio. Yule hasikii. Uliza."

Hakuuliza. Ila kikapu alinunua, kwa aibu tu, na kwa bei niliyoitaja.

Jua lilikuwa limepanda niliposikia sauti ya mjomba Lukumani. Alikuja na bakora yake, kofia imenyooka kichwani, na nyuma yake Adinani mwenyewe katika kanzu nyeupe, utepe wa kupimia nguo bado uko shingoni. Mjomba alikuwa amekwenda Ruangwa kumbembeleza. Alimbembeleza Ijumaa nzima, mzee wa watu, kwa ajili yangu. Nilimheshimu kwa hilo na nilimkasirikia kwa hilo hilo.

"Shikamoo mjomba."

"Usinishikamoo! Umekaa na kitu hicho? Umekaa nacho barabarani?"

"Nimekaa na biashara yangu, mjomba."

"Mwanawetu, mpwa wangu." Sauti ilimshuka, na nikaona amechoka kweli. "Mimi mtu mzima. Kesho keshokutwa sipo. Baba yako alikwenda Kilimarondo hakurudi, mama yako nyumba inavuja. Nimekutafutia mtu mwenye cherehani yake, mtu wa sala, hana maneno. Amekubali kuja kusikiliza. Kijana avunje uchafu huu, aombe radhi, bwana Adinani akurudie. Yaishe."

"Nimevuka mto kwa ajili ya heshima ya mzee huyu," Adinani alisema. Alimwambia mjomba, si mimi. "Mimi sina ugomvi. Lakini mke aliyechorwa mgongo wake na wanaume sokoni, hapana."

"Ni mwanamume mmoja," nikasema, "na hakuuona."

"Nyamaza!" mjomba akafoka. "We kijana! Nembo hiyo umeitoa wapi?"

Kasmiri akasimama, akavua kofia. "Shikamoo mzee. Nimeitoa kwa bibi yangu mzaa mama. Na sitakivunja, mzee. Nilitaka, nimekatazwa."

"Umekatazwa na nani?"

"Na mwenyewe."

Watu walikuwa wameshatuzunguka. Gulio lote liliacha kununua. Mjomba alinyanyua bakora, sijui ampige nani kati yetu, na hapo ndipo ilipotokea sauti chini, miguuni mwa watu.

"Nipisheni. Nipisheni, nimesikia nembo."

Alikuwa Binti Awadhi, muuza ugoro. Kila mwanamke wa Nkowe wa umri wangu na wa mama yangu alimjua mzee huyo, kwa sababu wembe wake ulipita kwenye miili yetu sote. Siku hizi macho yalikuwa yameshamwisha, anakaa Nachingwea kwa mjukuu wake, anauza ugoro kwa kijiko. Alikuja anapapasa, mkali kama siku zote.

"Kiko wapi hicho kilichonakili kazi yangu? Nani kakupa ruhusa?"

Kasmiri akampa kinyago mikononi. Binti Awadhi akakipakata, akapitisha vidole kiunoni, polepole, mstari wa kwanza, wa pili. Nilijisikia kama ananipapasa mimi. Alipofika mstari wa saba akasimama. Akarudi nyuma, akaupitia tena.

"Ee! Huyu Magreti!"

"Nani?" mjomba akauliza.

"Magreti wa Nkowe, marehemu. Alikuwa mtu wangu wa pili kumchanja, mkono wangu bado mpya. Nilipofika mstari wa saba akastuka, akaruka kama mbuzi, wembe ukateleza. Huu hapa, umepinda kwenda chini. Nilimpiga kofi siku ile! Mstari huu haupo kwa mtu mwingine duniani." Akakigonga kinyago kwa kidole. "Kijana, umechora hata kosa langu. Mwanaharamu we."

"Samahani bibi."

"Na huyu mwanamke wenu mnayemsema ni nani?"

"Ni mimi, bibi," nikasema. "Mwanawetu wa Kulthumu."

"Mwanawetu!" Akanigeukia na yale macho meupe. "Yule aliyekaa kimya? Nembo ni ile ile niliyowachanja wote, lakini wewe mistari yako imenyooka kama kamba. Sijachanja mtoto aliyetulia kama wewe. Wewe hukutikisika."

"Sikutikisika, bibi."

Wanawake wakaanza kunong'onezana, halafu wakapaza sauti. Ni kweli, wa Mwanawetu umenyooka, tumeoga naye mtoni. Ni kweli, huu umepinda, tazama. Wale wale waliorudi wameshika midomo. Mgongo wangu mwenyewe sijawahi kuuona, nao siku ile ulikuwa unatetewa na soko zima.

Mjomba alishusha bakora. Alivuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. "Alhamdulillahi," akasema. "Bwana Adinani, umesikia. Binti yetu ni safi."

"Nimesikia," Adinani alisema, na kwa mara ya kwanza tangu aje akanitazama usoni, akatabasamu. Si mtu mbaya. Nataka niseme hivyo, si mtu mbaya. "Nimeridhika, mzee. Ndoa iwe ile ile tuliyopanga. Kinyago nitakinunua mimi nikakichome, tusisikie tena habari yake. Na mkeka wangu usiuzwe." Akainama, akanyoosha mkono kuuchukua.

Hapo nilielewa. Aibu ile niliyoilia siku mbili ilikuwa imenifungulia mlango, na usafi wangu ulikuwa unaufunga. Nikisema ahsante, kesho niko Ruangwa, nakata uzi wa mtu. Nikamtazama Kasmiri. Alikuwa amekishika kinyago kwa mikono miwili na uso wake umekufa. Hakuomba chochote. Mtu aliyekuwa tayari kuvunja kazi yake kwa ajili ya jina langu, sasa jina langu limepona, na kupona kwake kunanitenga naye.

Nikaukanyaga mkeka kwa mguu, taratibu, kidole gumba juu ya ukili.

"Mkeka wako?" nikamuuliza Adinani. "Uliukataa Alhamisi."

"Alhamisi sikujua ukweli."

"Na mimi Alhamisi niliujua. Ungeniuliza ningekwambia. Ulimtuma mtu kunikataa, hukumtuma kuniuliza."

"Mwanawetu!" mjomba aliita.

"Naja, mjomba." Nikamgeukia Kasmiri. "Kinyago unauza bei gani?"

"Siuzi," alisema. "Simuuzii yeye wala mtu mwingine."

"Mimi je?"

Nikainama, nikauokota mkeka, nikaupangusa vumbi, nikamnyooshea mbele ya wote. Rangi nyekundu ilionekana, na nyeusi, na kila mwanamke pale aliijua maana yake.

"Sina fedha," nikamwambia. "Nina huu."

Aliitazama bakora ya mjomba, akanitazama mimi. Halafu akaweka kinyago chini, akaupokea mkeka kwa mikono miwili, akaukumbatia kifuani.

"Nimeuza," alisema.

"Huyu Mkristo!" mjomba akalia. "Huyu hana shamba, hana ng'ombe, anachonga magogo! Mpwa wangu, unanizika mzima mzima!"

"Nitakuja Ruponda, mzee," Kasmiri alisema. "Nitakuja na jembe, nilime shamba la mama yake kama desturi ilivyo, mwaka, miaka miwili, mpaka uniangalie vizuri. Nyumba inayovuja nitaiezeka kwanza."

"Na dini?"

"Mjomba," nikasema, "hilo litazungumzwa ukiwa umekaa, umekunywa maji. Sasa umesimama na una hasira. Lakini mimi nimeshazungumza."

Nilifungua kanga yangu ya pili, ile ya mabegani. Nikakiinua kinyago, kizito, mpingo si mchezo. Nikainama, nikakiweka mgongoni, nikakifunga kwa kanga kama mama anavyofunga mtoto, fundo juu ya kifua, nikakaza. Uso wake mdogo ulikaa begani kwangu, mdomo umebanwa upande.

"Unakwenda wapi nacho?" mjomba aliuliza. Sauti yake sasa ilikuwa ndogo, karibu ya kuomba.

"Nyumbani kwa mama. Nilitumwa kuuza mkeka, nimeuza."

Binti Awadhi alicheka peke yake, ugoro ukamwagika. Watu wakanifungulia njia, na njia ya kutokea gulioni ni ndefu, inapita kwa wauza samaki wakavu, kwa wauza chumvi, mpaka kwa mabwana wa karanga. Kila mtu alinigeukia. Walinitazama mgongo wote, niliyechongwa na niliyezaliwa, mmoja juu ya mwingine. Nyuma nilisikia hatua za Kasmiri zikinifuata, na mkeka wangu mikononi mwake, hadharani, mchana kweupe.

Mpingo ulinilemea, ukanikwaruza pale pale kiunoni, penye nembo. Nikanyoosha shingo. Sikutikisika.